MALEZI NA NYUMBA: Mwanachuoni na Mji Wake — Funzo la Barawa kwa Wazazi wa Nakivale

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Msemo huu hutamkwa kwa wepesi na mtu aliyekaa kwao, mwenye kuamka asubuhi na kuliona kaburi la babu yake nyuma ya nyumba. Lakini huwa mzito sana kwa mtu ambaye kwao kumewaka moto, naye akaondoka na watoto mgongoni bila hata kufunga mlango. Mtu wa namna hiyo yafaa ajibiwe kwa makini anapouliza: je, mimi niliyefukuzwa na asili yangu, nimeiacha au imeniacha?

Swali hilo, kwa maneno mengine, nimeulizwa na mama mmoja mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yeye ni mzaliwa wa Barawa, mji wa kale ulioko katika pwani ya Somalia. Watoto wake watatu wanasoma shule ya msingi. Mumewe amemtaka aache kuwasemesha watoto lugha ya kwao, Chimwini, akisema kwamba darasani mwalimu hufundisha kwa Kiingereza, sokoni watu huelewana kwa Kiswahili, wenyeji wanazungumza Kinyankole, na Wasomali wenzao wanazungumza Kisomali. Lugha ya tano, tena ya mji ambao huenda watoto wasiuone kamwe, ni mzigo tu. Mama anauliza: amtii mumewe, au aendelee kwa siri?

Ndugu msomaji, neno hilo la “kwa siri” ndilo lililonifanya nitenge safu nzima ya juma hili kwa jambo hili. Nyumba ambayo mama huimba wimbo wa kumlaza mtoto kwa kuibia ni nyumba yenye maradhi. Tena baba huyu si mtu mbaya. Anawatakia wanawe wepesi wa maisha, na hoja yake ina uzito. Hapana budi basi tuitazame kwa haki, na kwa kuwa mji wenyewe ni Barawa, tuanze kwa kuuliza mji huo ulifanya nini duniani.

Kwa wasomaji wa mbali, Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini ya Mbarara, kando ya ziwa la jina hilo hilo, si mbali na mpaka wa Tanzania. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea, Waethiopia na wengineo. Mtu akipita sokoni katika eneo la Base Camp husikia lugha nyingi kabla hajamaliza kununua fungu moja la nyanya. Katika msongamano huo lugha ndogo humezwa haraka, kama vile kijito kinavyomezwa na ziwa.

Barawa nayo iko kiasi cha kilomita 200 kusini-magharibi ya Mogadishu. Ni mji wa bandari uliofanya biashara na Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi kwa mamia ya miaka. Mwaka 1507 Wareno walioongozwa na Tristão da Cunha waliushambulia, wakaupora na kuuchoma moto, lakini mji ukainuka tena. Mafundi wake walisifika kwa viatu vya ngozi, nguo za kufumwa na kofia za kushonwa kwa mkono. Wenyeji waliuita Mwini, yaani mjini, na lugha yao wakaiita Chimwini. Lugha hiyo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Panapo “ki” yetu wao husema “chi”: kisu kwao ni chisu. Nyumba huiita nuumba, na maji huyaita maayi. Naomba msomaji aikumbuke mifano hii midogo, kwani nitairejea.

Hata hivyo, bidhaa iliyosafiri mbali zaidi kutoka Barawa haikuwa ngozi wala kofia. Ilikuwa elimu. Katika karne ya 19 mji huu mdogo ulitoa wanazuoni wengi kupita kiasi cha ukubwa wake, na walipokwenda ughaibuni walibeba jina la mji katika majina yao: al-Barawi, mtu wa Barawa.

Tumtazame kwanza Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi. Alizaliwa Barawa katika miaka ya 1830, akaja Unguja angali kijana kutafuta elimu. Mmoja wa walimu wake alikuwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, naye pia mwenye asili ya Barawa, ambaye alikuwa kadhi Unguja na mtunzi wa mashairi ya Kiswahili. Kijana huyo alipevuka mapema mno. Sayyid Said alimteua kuwa kadhi wa Kilwa akiwa bado katika umri ambao vijana wengi wa leo hawajamaliza sekondari. Baadaye alirudi Unguja, akawa kadhi huko miaka mingi, akawatumikia masultani kadhaa na kutumwa nao safari za kiserikali mpaka nchi za Ruvuma. Alijadiliana dini na wamisionari wa Kiingereza, akiwamo Askofu Edward Steere, kwa hoja na adabu. Aidha alianza kazi ya kutunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu. Alifariki mwaka 1896, na mwanawe Burhan akashika naye kazi ya ukadhi.

Yafaa tuyazingatie maisha hayo. Sheikh al-Amawi hakukaa Unguja kama mgeni anayehesabu siku za kurudi. Alifanya kazi, alioa, alizaa, alizikwa. Mji wa Unguja ulimwamini akate hukumu baina ya watu wake, na hiyo ndiyo amana kubwa kuliko zote. Wala hakuna aliyemtaka kwanza aifute Barawa kifuani mwake ndipo apewe amana hiyo. Kinyume chake, elimu ya kwao ndiyo iliyomfungulia mlango wa ugenini.

Wa pili ni Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1847. Baada ya kusoma kwao alisafiri mpaka Baghdad, kwenye kitovu cha tarika ya Qadiriya, akasoma huko na kupata idhini ya kufundisha. Alihiji Makka na kuzuru Madina, kisha akarejea Barawa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kutoka hapo alikwenda Unguja, akapokewa kwa heshima na Sayyid Barghash. Wanafunzi wake walieneza zikiri ya Qadiriya Unguja na kuivusha bahari mpaka bara ya Tanganyika. Alitunga kasida kwa Kiarabu na kwa Kisomali ili watu wa kawaida wafahamu. Mwezi wa Aprili 1909 aliuawa kijijini Biyoley, ndani ya bara ya Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, ambao hawakukubaliana naye katika mambo ya tarika. Mwili wake ukabaki Biyoley, na jina lake likabaki na Barawa. Mpaka leo tawi lake la Qadiriya huitwa Uwaysiya, na popote linapotajwa, mji wake hutajwa pamoja naye.

Mpaka hapa baba wa Nakivale aweza kusema: “Hao walikuwa masheikh wakubwa, waliandika kwa Kiarabu. Lugha ya nyumbani iliwafaa nini?” Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu inayohusu safu hii, yaani jikoni na chumbani.

Wanazuoni wa Barawa waliona kwamba Kiarabu cha vitabuni hakikufika kwa akina mama. Mwanamke aliyekuwa akisaga nafaka au kunyonyesha hakuwa na nafasi ya kukaa miaka kumi akijifunza sarufi. Je, aachwe bila elimu? Hawakuridhika na hilo. Wakatunga tenzi kwa Chimwini, ambazo wenyewe huziita steenzi, zikieleza imani, ibada, sira ya Mtume na adabu za maisha kwa lugha ambayo kila mtoto wa mji aliifahamu. Sheikh Qasim bin Muhyiddin al-Barawi, aliyefariki mwaka 1922, alikuwa mmoja wa watunzi hodari wa tenzi hizo, ingawa alikuwa stadi wa Kiarabu vilevile. Akina mama walizihifadhi, wakazisoma pamoja katika mikutano yao, wakaziimba wakiwa kazini. Kwa njia hiyo elimu ya msikitini iliingia nyumbani, na nyumba zenyewe zikawa madarasa.

Tena mshairi mashuhuri kuliko wote wa lugha hiyo alikuwa mwanamke. Jina lake Mana Sitti Habib Jamaluddin, lakini watu wote humwita Dada Masiti. Inasimuliwa kwamba alipokuwa msichana mdogo alichukuliwa kwa hila akapelekwa Unguja, akaishi huko miaka kadhaa katika utumwa mpaka jamaa zake walipomkomboa na kumrudisha. Aliporejea alijitia katika elimu, akawa mcha Mungu anayeheshimiwa na masheikh wenyewe. Sheikh Nureni, mwanachuoni na kadhi wa Barawa, alipofariki mwaka 1909, utenzi unaokumbukwa zaidi juu ya kifo chake ni ule wa Dada Masiti. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1919, akiwa mkongwe sana.

Tufikiri kidogo juu ya mwanamke huyo. Alitengwa na mji wake akiwa katika umri ambao mtoto husahau upesi. Lau lugha ya mama yake ingemtoka moyoni, angerudi Barawa akiwa mgeni, asijue hata kuomba maji. Badala yake alirudi akawa ulimi wa mji mzima. Wala hapana anayeweza kutabiri ni mtoto yupi miongoni mwa hawa wanaocheza vumbini Nakivale atakayekuwa ulimi wa watu wake kesho.

Jambo hili si la Barawa peke yake. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na wengi wao wakapokewa katika dola ya Waturuki. Katika mji wa bandari wa Salonika, katika bahari ya Mediterania, walijenga masinagogi na kuyapa majina ya miji na majimbo waliyofukuzwa. Waliendelea kuzungumza Kihispania chao cha kale kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1730, huko Istanbul, mwanachuoni wao Yaakov Culi alianza kuchapisha tafsiri kubwa ya Taurati kwa lugha hiyo ya nyumbani, kwa kuwa aliona watu wa kawaida hawafahamu tena Kiebrania. Sababu yake ni ile ile ya masheikh wa Barawa. Lugha hiyo iliwashika pamoja katika karne zote za ugeni. Ilipofika mwaka 1943 Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa Salonika na kuwapeleka kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, na walio wengi hawakurudi. Leo wasemaji wake ni wachache, wengi wao wazee. Msomaji aone: lugha iliyostahimili kufukuzwa kwa karne nne ilivunjika pale wazungumzaji wake walipoondolewa duniani. Kuna njia nyingine ya kuivunja lugha, isiyomwaga damu wala kutoa kelele, nayo ni pale mama anapoambiwa anyamaze.

Barawa nayo imepata msiba wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia mwaka 1991, watu wa Barawa, ambao hawakuwa na majeshi ya kuwalinda, waliporwa na kuuawa. Maelfu walikimbia kwa majahazi na mashua mpaka Mombasa, na kutoka hapo wakatawanyika Uingereza, Marekani na kwingineko. Baadaye mji ulishikwa na al-Shabaab, kundi ambalo katika sehemu mbalimbali za Somalia lilibomoa makaburi ya masheikh wa tarika. Mwezi wa Oktoba 2014 majeshi ya Somalia na ya Umoja wa Afrika, wakiwamo wanajeshi wa Uganda, yaliutwaa mji huo. Kwa hiyo hata mwenyeji wa Mbarara asidhani kwamba Barawa haimhusu. Huenda kijana wa jirani yake ameukanyaga mchanga wake.

Sasa turudi kwenye hoja za baba. Hoja ya kwanza ni kwamba lugha nyingi humchanganya mtoto. Mimi nilifundishwa chuoni, na kila mwalimu wa darasa la kwanza atathibitisha, kwamba mtoto hujenga elimu mpya juu ya ile aliyo nayo. Tangu mwaka 1953 shirika la UNESCO limeshauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoifahamu. Mtoto aliyezoea kusimulia, kuhesabu na kuuliza “kwa nini” kwa lugha ya mama huja shuleni na akili iliyokwisha kulimwa. Aliyenyimwa lugha hiyo, huku wazazi wake wakimsemesha Kiingereza cha kuokoteza, huja na shamba lililojaa magugu. Watoto wa Nakivale hushika lugha tatu au nne wakicheza mpira tu. Kinachowachosha si wingi wa lugha, bali ukimya wa nyumbani.

Hoja ya pili ni kwamba Chimwini haina faida. Hapa naomba baba akumbuke kisu na chisu, nyumba na nuumba. Mtoto anayejua Chimwini amekwisha kuvuka nusu ya mto wa Kiswahili. Nacho Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka 2024 Somalia yenyewe ilikamilisha kuingia katika Jumuiya hiyo. Lugha ya Barawa, inayounganisha nchi hiyo na pwani yote ya kusini, si mzigo wa kutupwa njiani wakati huu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa baba hakuitamka. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula makazini hutolewa kwa kufuata madaraja ya uhitaji, na nyumba nyingi zimepunguziwa au kuondolewa kabisa. Mtu mwenye njaa akiambiwa habari za tenzi huona anadhihakiwa. Sitamdhihaki. Nasema tu kwamba kati ya mali zote alizotoka nazo Barawa, lugha ndiyo pekee isiyohitaji kununuliwa, isiyopunguzwa na mgao, na isiyoweza kuibwa njiani. Kuitupa hakumwongezei mtoto hata kibaba cha unga.

Kwa hiyo nawashauri wazazi hawa, na wengine wenye hali kama yao, wawe ni Wabembe, Wafulero au Wanyamulenge, mambo yafuatayo:

Kwanza, jambo hili liamuliwe na wazazi wote wawili, waziwazi, watoto wakiwa wamelala. Siri ivunjwe. Mtoto akiona mama anaficha lugha, ataamini kwamba lugha hiyo ni aibu.

Pili, lugha ipewe wakati wake. Saa ya chakula cha jioni yatosha. Wakati huo nyumba nzima izungumze Chimwini, na kazi ya shule iendelee kwa Kiingereza kabla au baada yake. Mtoto akijibu kwa Kiswahili asikemewe. Arudishiwe tu neno kwa lugha ya nyumbani, kwa upole.

Tatu, baba ashiriki. Si haki kumwachia mama peke yake ulinzi wa asili, kisha kumlaumu mtoto anapopotea. Baba afundishe nasaba, majina ya pepo na samaki, na kazi ya mikono aliyoirithi. Ikiwa anajua kushona viatu au kofia, amfundishe mtoto kwa maneno ya kazi hiyo hiyo.

Nne, wazee waandikwe. Lipo daftari la shule katika kila nyumba. Nyimbo, methali, vyakula na hadithi za bibi ziandikwe humo, au zirekodiwe kwa simu, na tarehe iwekwe. Bibi akiondoka, daftari libaki.

Tano, wenyeji wa Mbarara na walimu wetu tusiwacheke watoto kwa matamshi yao. Mwalimu aweza siku moja kumwita kila mtoto ataje neno “maji” kwa lugha ya kwao. Darasa litacheka kwa furaha, na hakuna atakayetoka akiinamisha kichwa.

Mwisho, nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto wa Nakivale alelewe kana kwamba kesho asubuhi anarudi Barawa. Sheikh al-Amawi hakuishi hivyo. Mtoto ajifunze Kinyankole na amsalimie jirani kwa heshima za Ankole, afaulu Kiingereza, apande mahindi na maharage katika ardhi aliyopewa, na ikiwa riziki yake iko Mbarara, ajenge Mbarara. Kuupenda mji unaokupokea hakumlazimu mtu auzike ule uliomzaa. Masheikh wale walitumikia Kilwa na Unguja kwa uaminifu kamili, na bado karne moja baadaye tunajua walitoka wapi, kwa sababu walisema na wana wao wakasema baada yao.

Basi mama, usiendelee kwa siri. Nawe baba, mruhusu mama awasemeshe wanawe, kisha kaa karibu nawe useme nao. Watoto hao wakiulizwa siku moja kwao ni wapi, wawe na majibu mawili, na wayatoe yote mawili bila kuangalia chini.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya uhifadhi wa maharage na mahindi yasiliwe na dumuzi. Kwaherini.